Maswali yenu: "Kila Jumatatu naanza upya"

SWALI: Mie ni mama wa miaka 38, nauza nguo soko la Mgandini. Tangu mwaka jana nimeanza mazoezi mara tano, na mwendo ni uleule: Jumatatu nakimbia saa nzima, Jumanne jioni naenda jimu, Jumatano hata ngazi sishuki, na mvua ikinyesha Alhamisi ndiyo basi tena. Raba ziko uvunguni. Nasikia siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Mbona mie sifiki hata 10?
– Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Dada yetu, kosa lako liko Jumatatu, si Alhamisi. Mtu aliyekaa miezi bila kukimbia, akikimbia saa nzima, misuli humuuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye. Hesabu mwenyewe: ni kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Mvua ilikukuta umeshakata tamaa.

Siku 21 zisahau. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya. Kati ya wale ambao zoea lao lilipimika vizuri, nusu walihitaji kama siku 66 au zaidi, wengine siku chache, wengine siku nyingi mno, na mazoezi yalichelewa kuota mizizi kuliko mambo mepesi kama kunywa maji. Walichokiona pia, nacho kinakuhusu sana, ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu zoea. Kwa hiyo Alhamisi ya mvua haikukurudisha mwanzo. Kusubiri Jumatatu ijayo ndiko kulikokurudisha.

Jioni iache. Jioni ya mfanyabiashara si yake: mteja wa mwisho, jikoni, wageni. Chukua asubuhi, na ishikize kwenye jambo ambalo tayari hulikosi. Ikiwa huamka kwa sala ya Alfajiri, ukimaliza vaa raba palepale, bandika uji, na kukipambazuka toka. Raba zikae mlangoni, si uvunguni.

Wiki mbili za kwanza ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tu: tembea dakika 4, kimbia polepole dakika 1, rudia mara 4. Jumla dakika 20. Utaona ni kidogo mno, ndivyo inavyotakiwa. Wiki ya 3 na ya 4, tembea 3, kimbia 2. Wiki ya 5 na ya 6, tembea 2, kimbia 3. Kasi yako iwe ya kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, ukishindwa, punguza. Wiki ikikushinda, irudie, usiiruke. Dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani utazifikia baadaye, hata kwa kutembea haraka au kwa baiskeli mpaka Raskazone. Tanga hii baiskeli hazijawahi kuadimika.

Siku ya mvua ina zoezi lake, la ndani: kaa kwenye kiti na uinuke mara 10, pushapu 10 za ukutani, pumzika dakika moja, rudia mara 3. Halifiki dakika 10, lakini saa yako ya mazoezi imelindwa. Ukikosa siku moja, usikose inayofuata.

Maumivu ya misuli ya miguu yote miwili huisha yenyewe. Ila mfupa wa muundi ukiuma mahali pamoja, na ukipabonyeza kwa kidole unashtuka, acha kukimbia uende hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

SWALI: Ramadhani ikiingia mazoezi yote hufa. Nifanyeje?
– Kijana wa Sahare

JIBU: Mwezi huo usitafute kupanda, tafuta kutoshuka. Punguza mazoezi yafike kama nusu. Ya kutembea weka nusu saa kabla ya magharibi, ili kiu ikutane na futari; ya nguvu yasubiri baada ya tarawehe. Kukimbia alasiri kwenye jua la Tanga ukiwa umefunga, hapana: jasho linatoka na huna cha kulirudishia. Maji yagawe kati ya futari na daku, usiyashindilie yote dakika za mwisho, maana mengi utayakojoa kabla ya adhuhuri. Baada ya Idi, wiki ya kwanza rudi na theluthi mbili ya mazoezi uliyoyaacha Shaabani.