Mama naye aingie majini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama bustani za maji, zile zenye mabwawa na mitelezo, ni starehe ya familia nzima, au ni ya watoto huku wazazi wakigharamia tu. Kwa ninavyoona mimi, ni ya watoto na baba zao. Sisi akina mama tumewekwa kwenye viti vya plastiki tulinde mikoba.

Nenda bustani ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam, siku ya Idi Pili ujionee. Watu wametoka Mbagala na Gongo la Mboto, wameshuka Mtongani, wakapanda bajaji mpaka ufukweni. Watoto wamejaa kwenye ngazi wakisubiri zamu ya kuteleza, baba anawatangulia kwa makelele kuliko wao. Chini ya mwavuli wamekaa mama, shangazi na bibi, madera yamelowa pindo tu, wanagawa chapati.

Kinachowazuia ni mavazi. Nguo ya pamba hairuhusiwi majini, na siwalaumu wenye mabwawa: nyuzi zake huachia na kuziba machujio, na dera likishaloa huwa zito, hunata miguuni, mtu akashindwa hata kusimama. Ninacholalamikia ni kwamba sharti hilo unalikuta ukiwa umeshalipa. Wifi yangu, kwenye bustani moja nisiyoitaja, alikata tiketi kamili ndipo akaonyeshwa kibao. Alishinda na baibui lake juani hadi jioni.

Na dawa ipo. Vazi la kuogelea la kujisitiri kuanzia kichwani hadi miguuni, burkini, lilibuniwa na Aheda Zanetti kule Australia miaka ya 2000. Kitambaa chake ni chepesi, hakinywi maji. Mwenye kujistiri anateleza kama mtu mwingine yeyote.

Msidhani nadai raha peke yake. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye sinema. Mdomo uko usawa wa maji, anatafuta pumzi, sauti haitoki. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mwokoaji mmoja ana vichwa mia vya kuangalia. Mtoto asiyejua kuogelea anahitaji mtu mzima wa kumfikia kwa mkono, si mama wa kumwita kutoka kitini, simu sikioni.

(Tukiwa hapo hapo: harufu ile kali ya bwawani inayowasha macho si dalili ya usafi. Ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Wapelekeni watoto chooni kwanza, jamani.)

Basi wenye bustani waandike masharti ya mavazi nje ya geti, kabla ya dirisha la tiketi. Pale wanapokodisha maboya, wakodishe na burkini za saizi zote, hata za shangazi zangu. Wakiona ni gharama, watuwekee kiingilio cha wakaa-kitini, nusu bei, na kiti chenye mto.

Msomaji wenu, Mbagala Rangi Tatu