Kwa ndugu wanaotumwa ng'ambo: bado wewe ni mwanafunzi

Nimetumika katika umisheni ng'ambo kwa miaka 14, na katika miaka ya karibuni nimepewa pia kazi ya kuwapokea wamisionari wapya na kukaa nao katika miezi yao ya kwanza. Karibu wote hufika wakiwa wamekamilisha maandalizi ya nje: viza, chanjo, bima, mahubiri kadhaa na barua ya kwanza kwa waombezi wao. Jambo ambalo wengi hawakuandaliwa kulibeba ni kukaa mwaka mzima, pengine miwili, bila kuonekana wa maana kwa mtu yeyote, na katika hali hiyo kuendelea kumfuata Kristo kwa ajili ya Kristo mwenyewe wala si kwa ajili ya huduma.

Agizo tulilosomewa sote katika ibada za kuagwa, la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, linapatikana katika Mathayo 28. Tunalianzia mstari wa 18 au 19, nasi tunaupita mstari wa 16, unaowaita wale waliotumwa "wanafunzi kumi na mmoja", na wa 17, unaosema kwamba baadhi yao waliona shaka. Walitumwa wakiwa bado na jina hilo la mwanafunzi, na baadhi yao wakiwa na mashaka. Marko naye, katika sura ya 3 mstari wa 14, anaeleza kwamba Yesu aliwaweka wale kumi na wawili wapate kuwa pamoja naye, kisha ndipo anapotaja kutumwa kuhubiri. Ninawasihi mshike utaratibu huo, kwa maana maisha ya ng'ambo huupindua haraka kuliko mnavyodhani.

Mtaanza na lugha. Mtu aliyezoea kufundisha watu wazima nyumbani kwao atajikuta hawezi kueleza hata anaumwa wapi. Katika mwezi wangu wa tano niliombwa kufunga ibada ya nyumbani kwa sala fupi, ambayo nilikuwa nimeikariri tangu asubuhi. Nilipofika katikati nikakwama kwenye neno la kusamehe, na chumba kizima kikanyamaza kunisubiri. Mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu, ambaye hakujua kusoma, akanitamkia neno lile polepole sikioni; nikalirudia nikaendelea, nikakwama tena, akanipa jingine, na hivyo ndivyo tulivyoimaliza sala ile, yeye akitangulia nami nikifuata. Nilirudi nyumbani nimefedheheka. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba hiyo ndiyo sala ya kweli kuliko zote nilizoomba mwaka ule, kwa sababu nyingine zote niliziomba nikisikiliza sarufi yangu. Kwa hiyo msiihesabu miaka ya lugha kuwa foleni ya kusubiri huduma ianze. Wenyeji wanawatazama katika kipindi hicho kwa makini sana, nao wanataka kujua kama mtu aliyekuja kuwafundisha anafundishika.

Baadaye lugha ikafunguka, kazi ikaongezeka, na hapo ndipo nilipoanguka bila mtu kuona. Jioni moja, katika mwaka wa nne, nilikuwa ninapitia Waraka kwa Waefeso katika Biblia yangu, na pembeni mwa kila ukurasa nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: hoja ya kwanza, mfano, uliza swali hapa. Nikafunua kurasa kurudi nyuma, kitabu kwa kitabu, nikitafuta mstari mmoja tu nilioupigia alama kwa ajili ya nafsi yangu. Niliupata katika Zaburi, na tarehe niliyoiandika ilikuwa ya miezi minane nyuma. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, nami nilikuwa nimekula gaeni miezi yote hiyo huku nikiwaandikia waombezi wangu kwamba Neno linazaa matunda.

Tangu siku hiyo nina Biblia ya pili, ya lugha yangu ya mama, ambayo sihubiri wala sifundishi kutoka ndani yake, na ninaisoma asubuhi kabla ya kugusa simu. Nina siku moja ya mafungo katika kila miezi mitatu, na ninaiandika kwenye kalenda mapema, maana ikikosa tarehe haitakuwapo. Tena nina mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuniuliza lolote kuhusu sala zangu, fedha zangu, ndoa yangu na ninayoyatazama kwenye simu usiku. Hakikisheni mtu huyo si kiongozi wa shirika anayeamua kama mtabaki katika shamba la umisheni au mtarudi nyumbani, kwa sababu ni vigumu mno kumwambia ukweli wote mtu mwenye mamlaka hayo.

Kuhusu taarifa mnazotuma kwa makanisa yaliyowatuma, kama robo ya mwaka imepita bila mtu kuamini, andikeni kwamba hakuna aliyeamini, na mwombe mwombewe. William Carey, mmisionari Mwingereza, alifika India mwaka 1793, naye alimbatiza Krishna Pal, mwenyeji wa kwanza kubatizwa naye, mwezi Desemba mwaka 1800. Ann na Adoniram Judson, wamisionari Wamarekani, walifika Rangoon, nchini Burma (leo Myanmar), mwezi Julai mwaka 1813, na ubatizo wa kwanza wa mwenyeji ulifanyika mwezi Juni mwaka 1819. Sitaji miaka hiyo ili kuhalalisha uvivu, kwa kuwa wote hao walijifunza lugha na kutafsiri Maandiko mchana na usiku. Ninaitaja kwa sababu mmisionari anayetia chumvi taarifa zake huanza kuishi kwa kutazama uso wa wafadhili, na mtu wa namna hiyo hawezi tena kumwonyesha mwingine jinsi ya kuishi mbele za Mungu.

Habari za Carey huwa tunazisimulia kwa furaha, na mkewe Dorothy hatumtaji. Mtoto wao Peter alifariki mwaka 1794, na baada ya hapo mama huyo aliugua akili, hata akafa mwaka 1807 bila kupona. Wenye ndoa, tafadhali msipite haraka hapa. Mwenzi wako hakukuandama kama mzigo wa safari yako. Yeye ni mtu wa kwanza ambaye Bwana amekupa umpende katika nchi hiyo, na machozi yake yana haki ya kubadilisha ratiba ya huduma.

Jingine ni kanisa mtakalolikuta huko. Palipo na kanisa, jiungeni nalo kama washirika, toeni sadaka zenu hapo, na kubalini kuongozwa na wazee wake hata pale mnapodhani elimu yenu ya theolojia imezidi yao. Mimi niliwahi kuanzisha darasa la vijana bila kuwauliza wazee, kwa kuwa niliona hitaji na nilikuwa na masomo tayari. Wazee walininyamazia kwa adabu. Nilipokwenda likizo ya miezi sita darasa lilikufa wiki ya tatu, maana vijana wale walikuwa wanafunzi wangu na hawakuwa wanafunzi wa kanisa. Niliporudi nilikwenda kwa wazee nikaomba radhi, na safari hii wao ndio waliochagua walimu wawili, nami nikakaa na hao wawili tu. Kwa kadiri ninavyoona, hiyo ndiyo maana ya 2 Timotheo 2:2, ambapo Paulo anamwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha wengine. Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: usiwe mfadhili wa mtu unayemlea kiroho, kwa kuwa hataweza kukukatalia neno.

Baadhi yenu mtarudi mapema, kwa ugonjwa, kwa watoto au kwa sababu msiyoweza kuieleza kwenye barua. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo njiani akarudi Yerusalemu, na habari yake ikawatenganisha Paulo na Barnaba; lakini katika waraka wa mwisho kwa Timotheo, Paulo anaagiza aletwe, akisema anamfaa kwa utumishi. Mwenzetu mmoja aliondoka hapa baada ya miezi 11, akilia, akiamini kwamba amemwangusha Mungu na kanisa lake. Leo ni mwalimu wa kawaida katika mji wa kwao, na ndiye anayenipigia simu kila Jumatatu jioni kuniuliza yale maswali kuhusu sala, fedha, ndoa na simu.