Gari ni kubwa ama ni mimi?

SWALI: Fundi habari. Niko Kisumu, mwaka jana nilinunua Premio na barabarani sina shida, Kakamega naenda narudi. Shida ni kupaki. Juzi hapa Oginga Odinga Street nikapata nafasi moja tu kati ya Probox na pikapu, nikaingiza kichwa mara tatu nne hivi, boda wananipigia honi, kijana wa pakingi naye anapiga kelele "kata! kata yote!", nikaona aibu nikaenda kupaki mbali halafu nikapanda tuktuk nirudi palepale. Gari ni kubwa ama ni mimi?
Dada wa Kondele

JIBU: Pole dada, hiyo tuktuk imenichekesha. Gari si kubwa. Premio haifiki mita 1.7 upana na Probox ni hivohivo, kwa hivyo mahali Probox imetoshea hata wewe unatoshea.

Kosa ni kuingia na kichwa. Tairi za mbele ndizo zinakata, za nyuma zinafuata tu na hupitia ndani zaidi ya kona, so kichwa kikishaingia mkia unakuja ukipanguza Probox ya watu. Ingia na rivasi. Nafasi ikiwa kushoto, ipite polepole ukiacha kama mita moja na nusu kutoka kwa yale magari, ukishapita gari lililo baada ya nafasi simama, kata stelingi yote kushoto ndio uanze kurudi, mguu ukae kwa breki, automatiki inajivuta yenyewe usikanyage mafuta. Macho kwa saidi mira ya kushoto, hapo kona ya bampa ya jirani ndiyo adui yako, lakini chungulia na kulia kwa sababu pua ya gari inatoka kwa barabara na boda hawangoji mtu. Ukiona uko sambamba na jirani, nyoosha stelingi. Ukiona utagusa, toka mbele kidogo urudi tena, hata sisi tunafanya hivo.

Pakingi za mshazari ndizo unaingia na kichwa.

Abiria washuke kabla hujaingia, halafu sogea upande wao, mlango wako upate kufunguka. Na huyo kijana mskize lakini angalia mwenyewe, rangi ikikwaruzwa hatakuwepo. Jumapili jioni tafuta uwanja mtupu, weka ndoo nne za plastiki, uzigonge mpaka uchoke.