Kuosha gari-nyumba kubwa ukiwa Moshi

Kaka, umeuliza utaoshea wapi gari-nyumba la mita tisa ukitoka Namanga kuja Moshi, na kama unaweza kusimama mtoni. Mtoni hapana, tafadhali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na maji ya Mto Karanga yana watu wanaoyategemea huko chini. Sabuni na grisi zako zitawafikia.

Tafuta wanaoosha malori na mabasi, siyo vibanda vya gari ndogo. Malori yana kimo kama cha gari lako, kwa hiyo waoshaji hao wana ngazi, eneo la kugeuzia na hakuna paa la kukukwaruza. Elewana bei kabla maji hayajafunguliwa.

Halafu simama pale pale uwaangalie, hili nakusisitiza sana. Vijana wamezoea kuondoa tope la lori kwa presha kali, na gari lako si lori. Presha ikipigwa karibu na mipira ya madirisha, matundu ya friji ubavuni au mfuniko wa hewa juu ya paa, maji yanaingia ndani ya kuta na mbao zinaoza taratibu bila wewe kujua. Waambie hapo watumie sponji na ndoo. Vumbi lisuguliwe baada ya kulowana, maana likiwa kavu linachora rangi. Waanzie juu, sabuni iwe ya magari, si ya unga.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawaka. Karibuni sana Moshi.