Kutoa pepo si tiketi ya ufalme

Ndugu wa Uyole, umeuliza kama anayetoa pepo kwenye mkesha ameshaingia ufalme wa Mungu. Si lazima. Kuingia ni kuzaliwa mara ya pili, kwa maji na kwa Roho (Yohana 3:3-5). Mathayo 7:21-23 inawataja waliotoa pepo kwa jina la Yesu, na bado wakaambiwa waondoke. Wengi hukwama kwa kushika jina bila kumjua mwenye jina: wana 7 wa Skewa, kuhani wa Kiyahudi, walijaribu kutoa pepo kwa jina la Yesu, mwenye pepo akawarukia, wakakimbia uchi, wamejeruhiwa (Matendo 19:13-16). Fuata mpangilio wa Yakobo 4:7: kwanza mtii Mungu, ndipo umpinge Shetani. Mafuta ya upako ya chupa, hata ukiyanunua sokoni Mwanjelwa, hayamo katika mpangilio huo.