Jibu: Bendi yetu ya roki haina lebo wala mashabiki, tuivunje?

Umeuliza kama muivunje bendi kwa kuwa miaka miwili imepita na bado mnapigia ukumbi mtupu. Mimi naona ni mapema mno. R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, walianza Athens, Georgia, mwaka 1980. Singo ya kwanza ikatoka 1981 kwenye lebo ndogo, wakazunguka miji na gari lao wakipiga popote walipokubaliwa. Albamu yao kushika namba moja Marekani? 1991!

Kilichowashikilia, kwa maoni yangu, ni kugawana sawa haki za utunzi wote wanne, hata wimbo ukiletwa na mmoja. Nyie mmeandikiana lolote kuhusu mgawo huo? Bendi nyingi hufia hapo kwenye hela (hata hizo kidogo), wala si kwa kukosa mashabiki. Malizaneni hilo kwanza kabla hamjarudi studio.