Monadi hii, na kasha lisilofunguka

SWALI: Nawafundisha wanaprogramu kuandika kwa mtindo wa funksheni, kwa lugha ya Haskell. Nikieleza monadi, yaani utaratibu wa kuunganisha hatua za programu, niseme "monadi hii" au "monadi hili"? Na kuna ubaya gani nikiiita kasha lenye thamani ndani yake?

JIBU: La ngeli ni jepesi. Sema monadi hii, monadi hizi, kama programu na kompyuta. "Mamonadi" hatuihitaji. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya umoja, lakini usilitafsiri hivyo. Leibniz alilitumia katika falsafa mwaka 1714, wanahisabati wakalipa maana yao, na mwaka 1989 Eugenio Moggi akalileta kwenye nadharia ya programu. Maana za zamani hazimsaidii mwanafunzi wako.

Kasha ndilo tatizo. Ukisema kasha, mwanafunzi atauliza, "Nalifunguaje?" Orodha, ambayo nayo ni monadi, utaifungua, sawa. Lakini monadi inayobeba hali (taarifa zinazobadilika hatua kwa hatua) ni funksheni, yaani kanuni inayopokea kitu na kutoa tokeo, inayosubiri kupewa hali hiyo. Ndani hamna kitu cha kuchungulia. Na ile ya kusoma na kuandika nje ya programu hukusudiwi kuifungua kabisa.

Mimi ningeanzia kwenye -ka-. Tazama: "Alifungua faili, akasoma mstari, akauchapisha." Kitenzi cha kwanza kinaweka wakati, vinavyofuata vinaning'inia juu yake, "akasoma" peke yake, bila kilichotangulia, huacha msikilizaji akingoja. Halafu angalia kile kidogo -u- katika "akauchapisha": ni mstari uliopatikana katika hatua iliyotangulia, umekabidhiwa hatua inayofuata. Hicho ndicho kitendo cha msingi cha monadi, kwa Kiingereza "bind": tokeo la hatua moja linapewa funksheni inayotoa hatua nyingine.

Tofauti ni kwamba katika Kiswahili maana ya -ka- tumeikuta, ilhali katika Haskell kila monadi inaamua ya kwake. Katika monadi ya "huenda kipo, huenda hakipo", -ka- maana yake "kikipatikana, ndipo". Kikikosekana, sentensi yote inakatika hapo hapo. Katika orodha, maana yake "kwa kila kimoja". Mpe mwanafunzi sentensi ileile, umwambie aisome kwa monadi mbili tofauti. (Wanaofundisha sarufi nao wangefaidika na zoezi hili.)

Kitendo chenyewe usikiite "kufunga". Watadhani unafunga faili. "Kuunga" kunatosha: unaunga hatua kwenye hatua.